Ndege Isiyo na Mabawa

Baba alinipigia simu saa nne asubuhi, nikiwa katikati ya mtaa mmoja wa Unionville, huku ughaibuni, na mfuko wa barua begani, aniulize ndege ya zamani ilikuwa na mabawa mangapi. Nikamwambia, Baba, niko kazini. Akasema anajua niko kazini, ndiyo maana ameuliza swali fupi.

Mimi hupeleka barua. Ni miaka kumi na sita sasa, nyumba kwa nyumba, theluji na jua, na kama kuna mbwa huku ambaye hajawahi kunibwekea basi amehamia juzi. Kazi hii naipenda na sihitaji kuonewa huruma na mtu. Baba ndiye hajaizoea. Akiulizwa kanisani binti yake anafanya nini, husema "yuko serikalini" halafu anauliza habari za watoto. Siku moja tukinywa chai aliniambia, kwa sauti ya mtu anayeomba sukari, kwamba inashangaza mjukuu wa rubani kuishia kutembea kwa miguu. Nilimnunia wiki nzima.

Rubani huyo ni babu yangu, baba yake Baba, ambaye alifariki kabla sijazaliwa. Alifanya kazi Kisumu miaka ile ndege za kwanza za barua zilipoanza kufika, zile zilizokuwa zikitua ziwani juu ya maji. Sisi watoto tulikua tukiambiwa tu kwamba babu yenu alikuwa dereva wa ndege. Enzi hizo kila aliyeshika usukani wa kitu chochote aliitwa dereva, kwa hivyo hakuna aliyeuliza zaidi. Neno rubani tulilijua baadaye shuleni, tukamvisha babu, likamkaa vizuri.

Ushahidi wetu ulikuwa picha moja, nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja. Babu amesimama wima, kofia ya kaki kichwani, koti lenye vifungo vinavyong'aa, mkono wa kushoto umelala juu ya ubavu wa kitu. Kitu hicho kina pua ya mviringo, mgongo mrefu unaoteremka polepole hadi nyuma, na mwishoni kabisa pezi limesimama kama la samaki. Huoni kona popote. Upepo ukikifikia kitu kile hauna pa kushika. Sehemu ya chini ya picha ililiwa na mchwa, kwa hivyo hujui kimekaa juu ya nini. Ukiuliza mabawa yako wapi, Baba hukujibu kwamba yako nje ya picha, na ukiendelea kuuliza anakuambia ukanywe maji.

Basi kanisani kwetu Scarborough wakaandaa Jumapili ya wazee. Kila mzee alete picha ya mzazi wake, ikuzwe, ibandikwe ukutani ukumbini na maneno machache chini yake, kisha siku yenyewe asimame aeleze. Baba alikuwa wa kwanza kupeleka. Chini ya picha aliandika kwa mkono wake, kwa ule mwandiko wa shule ya misheni: *Baba yangu, dereva wa ndege.*

Kuna mzee mwenzake anayetoka Richmond Hill, fundi wa ndege mstaafu, mtu wa utani mwingi na mwenye sauti ya kusikika hadi maegesho ya magari. Huyo alivaa miwani yake akaisogelea ile picha, akainama, akainuka. "Mzee," akamwambia Baba, "mimi nimefungua ndege maisha yangu yote. Hebu nionyeshe bawa la hii lingeshikwa na nini." Akampiga bega kirafiki. "Njia ya mwongo ni fupi, ndugu yangu."

Meza nzima ya chai ikacheka. Nilikuwepo, na sitadanganya, hawakucheka kwa ubaya. Ni vile wazee wa rika moja hutaniana. Baba naye alicheka. Lakini andazi lake halikuguswa, na Jumapili mbili zilizofuata hakwenda kanisani, akasema goti linamsumbua. Goti gani, wakati nilimkuta Jumatano amepanda juu ya kiti anabadilisha taa.

Ndipo ilipokuja simu ile ya mabawa, na Jumamosi yake nikaenda kumwona kwake Malvern. Alikuwa ameshaniwekea picha mezani ndani ya bahasha safi.

"Nitafutie jina la ndege hii," akasema. "Jina lake, aina yake, na aliyeitengeneza. Zimebaki wiki tatu. Nataka nikisimama pale, yule mtu akose la kusema."

"Na nisipolipata?"

"Nitaibandua picha yangu. Na mimi huko sitakanyaga tena."

Hakuwa anatishia. Baba ana miaka themanini na moja. Tangu Mama atutoke, mji huu mzima kwake ni vyumba viwili, mimi, na kanisa lile. Pale ndipo anapoitwa Mzee kwa heshima yake, ndipo anapobishana kuhusu siasa za nyumbani, ndipo anaposikia Kiswahili ambacho si changu cha haraka haraka cha kwenye simu. Akipapoteza pale, atakaa dirishani akihesabu mabasi, na mimi ndiye nitakayemtazama akihesabu. Nikaichukua bahasha.

Nilitafuta kweli. Kila mchana nikila chakula changu ndani ya gari la posta, nilikuwa napekua picha za ndege za zamani kwenye simu: za bawa moja, za mabawa mawili yaliyopandana, za kutua majini, za kutua nchi kavu. Nikawaandikia watu wanaopenda ndege kuukuu. Walinijibu kwa adabu kwamba hawaifahamu, na mmoja akauliza kama nina hakika si mashua. Kufikia wiki ya pili nilikuwa namchukia kila aliyewahi kuruka.

Kwenye zamu yangu ya Unionville kuna mama mmoja wa Kihindi, Mwismailia mzaliwa wa Mombasa, ambaye hupata barua nyingi kuliko mtaa wote kwa sababu anakusanya stempu. Watu wa nchi mbalimbali humtumia bahasha kuukuu naye huwatumia zake. Mimi na yeye huongea Kiswahili pale mlangoni, nusu dakika kila siku, na katika nusu dakika hiyo lazima anikosoe. Anasema Kiswahili changu cha bara kina mawe kama mchele wa bei rahisi. Huyu mama nampenda.

"Mbona umevimba uso?" akaniuliza siku hiyo.

Nikamweleza, mlangoni pale pale. Akasema nikimaliza kazi nirudi na hiyo picha, na nivue viatu nitakapoingia, maana buti zangu anazijua.

Nilirudi saa kumi. Akaiweka picha juu ya kitambaa cheupe mezani, akachukua lenzi anayotazamia stempu, akaipitisha polepole kona hadi kona.

"Huku ubavuni, chini ya kiwiko cha babu yako, kuna mstari. Mlango huo?"

"Sijui. Mimi nilidhani ni mkwaruzo."

"Mkwaruzo haupigwi rula. Njoo utazame mwenyewe."

Nikainama. Mstari ule ulikuwa mdomo. Mwembamba, umelala, na juu yake kipande cha bati kimeinamishwa kwa mbele ili mvua isiingie. Chini ya mdomo kulikuwa na kifremu kidogo, na ndani ya kifremu kadi nyeupe. Nikajikuta nimekaa kitini bila kukaribishwa. Kadi ile mimi naijua. Kwenye masanduku ya barabarani nimeibadilisha kwa mikono yangu, vidole vikiwa vimekufa ganzi, sijui mara ngapi. Ni kadi ya kukuambia barua zitachukuliwa saa ngapi.

"Hapa ni pa kutia barua," nikasema. "Mama, ndege haina mahali pa kutia barua."

"Haina," akasema yule mama. "Wala haina namba ya gari." Akaniwekea kidole nyuma ya suruali ya babu. Kweli, kona ya kibao ilikuwa imechomoza pale, na herufi moja juu yake. Miaka yote tuliyoitazama picha ile tulikuwa tukimtazama babu na lile pezi, hakuna aliyewahi kutazama nyuma ya suruali ya mtu.

Akainuka, akaniletea albamu nzito, akaifungua kwenye kadi moja ya matangazo kutoka Uingereza. Gari. Limepakwa buluu, pua ya mviringo, mgongo wa kuteremka, magurudumu yamefunikwa, pezi nyuma. Akanieleza kwamba barua za ndege zilipoanza zilikuwa kitu kipya na watu walisita kuzitumia, basi posta ya kule ikatengenezewa magari ya kuzipeleka uwanjani, yaliyochongwa mithili ya ndege, ili yakipita mjini kila mtu ageuke atazame na atamani kuandika barua.

"Lakini hili la kwenu si hili," akasema. "Tazama, mkia wa lenu ni mrefu zaidi, kioo cha mbele kimekatwa vipande viwili, na ribiti zake, ile misumari ya kuungia bati, kubwa kama vifungo vya koti. Hili limechongwa na mtu aliyeona picha tu. Mafundi wa bati wetu hao. Ukimpa mmoja wao picha ya malaika, anakuuliza unataka mabawa ya bati la unene gani."

Nilichukua lenzi nikalitazama upya, na wallahi nilisahau kwa nini nimekuja. Mtu mmoja mahali fulani alichukua kiunzi cha chini cha lori na karatasi za bati, akagonga kwa nyundo, akageuza, akagonga tena, mpaka kona zote zikaisha. Mistari mitatu ya ribiti imekwenda mwili mzima bila kuyumba. Yote hayo kwa ajili ya safari kutoka posta hadi ufukweni, ambayo punda angeimaliza. Hakukuwa na haja ya pezi lile. Alilitia kwa sababu barua zile zilikuwa zinakwenda kuruka, akaona si vizuri zianze safari ndani ya sanduku. Miaka kumi na sita nimeendesha gari la posta lenye umbo la friji, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna aliyewahi kuipenda barua kiasi hicho. Na mkono wa babu, ule uliolala ubavuni, haukuwa umeegemea. Ulikuwa umelishika kama unavyomshika ng'ombe wako mzuri mbele ya watu.

"Kwa hiyo babu yako alikuwa mtu wa posta kama wewe," yule mama akasema. "Sasa unalilia nini?"

Nikamwambia nalia kwa sababu sijui nitamwambia nini mzee wangu. Alikuwa ameniomba ndege.

Nilikaa na jambo hilo siku nne. Nilifikiria kumdanganya, sitaficha. Ndege za zamani ni nyingi na nyingine hakuna anayezikumbuka, ningeokota jina moja la kigeni akasimama nalo. Lakini yule fundi wa Richmond Hill angelipekua jina lile kabla chai haijapoa, na safari hii wangemcheka kweli. Jumamosi nikaenda Malvern na picha, lenzi ya kuazima, na maneno niliyoyapanga njiani yote yakanipotea kwenye lifti.

Nilimwonyesha tu. Mdomo, kadi, kona ya kibao. Nikamweleza habari za yale magari ya buluu. Nikamtafutia na pa kutokea: nikasema labda watu wa zamani walisikia vibaya, maneno husafiri yakibadilika, si kosa la mtu.

Baba alishika lenzi kwa mikono miwili. "Tundu la barua," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Na kadi ya saa." Akaisogeza lenzi. "Barua zikichelewa, ndege inazisubiri?"

"Ndege haisubiri mtu."

"Kwa hivyo hakuwa anachelewa."

"Angechelewa wangempa mwingine gari."

Akaendelea kutazama. "Alikuwa anafanya kazi yako," akasema, nami nikangoja aongeze kitu, maana nilimzoea. Hakuongeza. Alisema tu niiache picha nikapumzike. Nilishuka ngazi nikijua nimemvunja mzee wa watu kwa sababu ya kadi yenye ukubwa wa kiberiti.

Siku tatu hakupokea simu. Ya nne akapiga mwenyewe, akasema Jumapili nimchukue saa tatu, na tusiongee ndani ya gari.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Picha ya babu ilikuwa imekuzwa mpaka ukubwa wa dirisha, na chini yake karatasi ile ile ya mwandiko wake, *dereva wa ndege*. Nilitamani niinyofoe. Yule fundi alikuwa amekaa mstari wa mbele, sahani magotini, miwani tayari. Baba akaitwa. Alisimama pembeni ya picha, akashika mgongo wa kiti.

"Huyu ni baba yangu," akasema. "Na hii si ndege. Ni gari la posta lililochongwa kama ndege, la kupeleka barua za ndege ziwani Kisumu. Mwenzangu hapa aliniuliza bawa lilishikwa na nini. Aliuliza vizuri. Halikuwepo."

Watu wakajiweka sawa kwenye viti. Mimi nikadhani amemaliza, nikashusha pumzi.

"Binti yangu ananiambia labda watu walisikia vibaya. Ananihurumia. Hakuna aliyesikia vibaya. Nilikuwa darasa la pili. Mwalimu alituuliza baba zetu wanafanya kazi gani. Mmoja akasema wake ni karani. Mwingine chifu. Mwingine mwalimu. Mimi baba aliniambia yeye aliendesha gari la ndege. Ndivyo walivyoliita, gari la ndege. Zamu yangu ilipofika, nikaliacha lile neno la kwanza. Nikasema, dereva wa ndege. Darasa zima likageuka kunitazama."

Hakuna aliyekuwa anatafuna.

"Shule ilipofunga, baba alikuja kunichukua. Watoto wakamzunguka, wakamuuliza, huko juu kukoje? Baba akanitazama. Mimi nikatazama chini. Akawaambia watoto, huko juu kuna baridi."

Baba akainama kidogo juu ya kiti. Nilianza kuinuka, akanionyesha kiganja nikae.

"Hakunigombeza. Hakuligusia jambo lile mpaka anakufa, na mimi sikumwomba msamaha. Na kitu ukikisema miaka sabini unakizoea. Nilimtuma huyu mtoto anitafutie jina la ndege, na nilikuwa natumaini atalipata. Kumbe muda wote nilikuwa na baba ambaye kila barua iliyotoka mji ule kwenda ng'ambo ilipita mikononi mwake, na hakuichelewesha, na mimi nikamwona hatoshi. Hakuruka hata siku moja. Mimi ndiye niliyemrusha. Leo namshusha."

Yule fundi aliweka sahani yake sakafuni, akavua miwani. Baba alitoa kalamu mfukoni, akageukia karatasi, akaweka ncha chini ya picha. Kisha akaiondoa. Akaniita, nikaenda, akanipa kalamu.

"Niandike nini, Baba?"

"Lile neno nililoliacha."

Nikaandika kwa herufi ndogo, maana nafasi ilikuwa finyu, juu ya mstari, katikati ya *wa* na *ndege*: *gari la*.